Nani Apande Lifti, Nani Apande Ngazi?

Mlango wa lifti uko mbele yako na ngazi ziko kando. Usubiri au upande kwa miguu? Ukiingia ukakuta watu, uwasalimu au unyamaze? Mlango ukifunguka, nani atangulie? Maswali haya hayamo katika vitabu tunavyosomea Kiswahili, wala hayaulizwi kwenye mitihani. Hata hivyo yanarudi kila muhula katika mikutano ya klabu yetu, na yanaletwa na pande mbili. Wamarekani wanaojifunza Kiswahili wanataka kujua Waswahili hufanyaje. Wenzetu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo wanataka kujua Wamarekani hufanyaje.

Sisi wanachama tumetawanyika katika miji mitatu: Louisville ya Kentucky, Columbus ya Ohio na Buffalo ya New York. Katika miji hii Kiswahili si lugha ya darasani tu. Louisville na Buffalo zimepokea familia nyingi za Wakongomani, na baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Columbus ina mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na wengine kati yao waliokulia Dadaab, Kakuma au Eastleigh wanakisema Kiswahili vizuri kuliko wengi wetu. Kwa hiyo adabu ya lifti kwetu ni habari ya majirani: mzee wa ghorofa ya tatu, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana anayerudi kutoka zamu ya usiku.

Katika makala haya tumekusanya tunayoyajua. Tumeona pia kwamba karibu kila kanuni inatoka katika jambo moja: lifti kwanza ni ya yule ambaye hana njia nyingine.

Tuanze na maneno

Kenya, Tanzania na Uganda watu husema lifti, neno lililotoka katika Kiingereza cha Uingereza. Neno hilohilo hutumika barabarani: mtu akikuomba "nipe lifti mpaka mjini" hazungumzii ghorofa. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, wa Bukavu, Goma au Uvira, utawasikia wakisema asanseri. Ngazi hazina matatizo hayo. Kila mtu anazijua, na kila hatua yake moja huitwa kidato. Ngazi pia ni cheo au kiwango, kama tunaposema ngazi ya wilaya au ngazi ya taifa, ndiyo maana methali "mpanda ngazi hushuka" huwaendea zaidi wakubwa waliojisahau kuliko watu wanaorudi nyumbani na mifuko ya sokoni.

Tatizo kubwa ni hesabu. Kwa Mkenya au Mtanzania, ghorofa ya kwanza ni ile unayofika baada ya kupanda ngazi mara moja. Pale chini ni chini tu. Mkongomani naye anahesabu hivyohivyo kwa Kifaransa. Marekani, ghorofa ya kwanza ni pale chini penyewe. Mgeni akiambiwa kwa Kiswahili "tunakaa ghorofa ya pili" na mwenyeji aliyezoea hesabu ya Kimarekani, atapanda mara mbili na kupiga hodi kwa mtu asiyemjua. Tunashauri umwambie mgeni namba ya mlango, kisha umwambie apande ngazi mara ngapi: "Panda mara moja, mlango wa kushoto, 204." Hapo hakuna anayepotea.

Na ukiwa ndani ya lifti usiyoijua, tafuta nyota. Kanuni za Marekani za majengo ya umma zinataka ghorofa yenye mlango mkuu iwekwe alama ya nyota, inayoweza kuguswa kwa kidole. Majengo mengine huandika 1, mengine G, mengine L. Ukibonyeza penye nyota utafika kwenye mlango mkuu.

Kabla ya watu, ngano

Wanafunzi wa Buffalo hupenda kutukumbusha kwamba mji wao ulikuwa na mashine ya kupandisha mizigo kabla New York haijawa na lifti za abiria. Mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart, akiwa na mhandisi Robert Dunbar, alijenga bandarini ghala lenye mashine ya mvuke. Mashine hiyo ilichota nafaka kutoka melini kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda na kuipandisha juu ya ghala. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na vibarua kwa migongo yao, wengi wao wahamiaji kutoka Ayalandi. Maghala marefu ya namna hiyo bado yamesimama kando ya Mto Buffalo, na neno la Kiingereza la Kimarekani linaloyaita ni lilelile la lifti. Kwa hiyo mwanafunzi mgeni akisikia wenyeji wa Buffalo wakizungumzia lifti za mtoni, asishangae.

Lifti ya watu ilisubiri mtu wa kuondoa hofu. Mwaka 1854, katika maonyesho mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa hewani, kamba ikakatwa mbele ya watazamaji, na breki alizozibuni zikalishika jukwaa. Mwaka 1857 duka moja la ghorofa mjini humo likawekewa lifti yake ya abiria. Mabadiliko yaliyofuata yaliwahusu matajiri na maskini. Zamani ghorofa za juu zilikuwa za watumishi na wapangaji wa bei nafuu, kwa sababu ya ngazi. Lifti ilipofika, juu pakawa pa wenye pesa, kwa sababu ya hewa na mandhari. Bila lifti Columbus isingekuwa na LeVeque Tower, jengo la ghorofa 47 lililofunguliwa mwaka 1927.

Wala lifti si jambo geni kwa Waswahili. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti. Kinachotofautiana ni mazoea ya kila mtu. Aliyetoka mtaa wa Pipeline jijini Nairobi amezoea majumba ya ghorofa sita au saba yasiyo na lifti, ambako hata maji hupandishwa kwa madumu. Aliyetoka Dar es Salaam amezoea kuuliza kwanza kama umeme upo. Aliyekulia kambini aliishi katika nyumba za chini tu. Hapa wote wanakutana mbele ya mlango mmoja, pamoja na Mmarekani ambaye tangu utotoni anabonyeza kitufe bila kufikiri.

Salamu katika chumba kidogo

Kwa desturi yetu, anayeingia ndiye anayesalimu waliopo. Kuingia mahali penye watu bila neno ni kama kusema hujawaona. Kwa hiyo Mswahili akiingia katika lifti ya Marekani na kukuta watu watano wote wamegeukia mlango, macho juu kwenye namba zinazobadilika, wa kwanza kuja akilini ni Mswahili anayejiuliza: nimewakosea nini?

Hujawakosea. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alieleza umbali ambao Wamarekani aliowachunguza waliuweka kati yao. Nafasi ya chini ya sentimita 45 hivi ilikuwa ya watu wa karibu sana: mke na mume, mzazi na mtoto. Lifti iliyojaa inawaingiza watu wasiojuana ndani ya nafasi hiyo kwa nguvu. Kwa kuwa miguu haina pa kwenda, macho ndiyo yanayosogea mbali. Mwanasosholojia Erving Goffman naye aliandika mwaka 1963 kuhusu adabu ya kumtazama mgeni mara moja, ajue umemwona, kisha kuondoa macho ili asijione anachunguzwa. Ukimya wa lifti basi ni namna yao ya kupishana.

Tumekubaliana kwamba njia ya katikati ipo. Neno moja la salamu au kutikisa kichwa kunatosha, na Wamarekani wengi hujibu kwa furaha. Kuuliza habari za nyumbani, watoto, kazi na mifugo kati ya ghorofa ya kwanza na ya nne kunaweza kusubiri. Lakini ukimkuta mtu wa kwenu, mpe salamu kamili, na umpe ile inayomfaa. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili cha Tanzania atamwambia mzee yeyote "shikamoo". Mama wa Bukavu anaweza asijue amjibu nini. Kwake "jambo" ni salamu ya kweli, ya heshima, ingawa vitabu vingi vinatuambia ni ya watalii. Mazungumzo ya lifti ya Louisville yanaweza kuwa hivi:

"Jambo, mama."

"Jambo sana, mwanangu. Unapanda?"

"Ndiyo, mama, ya nne. Nikubonyezee ngapi?"

"Ya sita. Aksanti sana."

Mistari hiyo minne inamaliza safari nzima, na kesho yake mnajuana.

Kuna jambo jingine tunalowasihi wasomaji wote. Usimseme mtu kwa Kiswahili ndani ya lifti ukidhani hakuna anayesikia. Katika miji yetu mitatu huwezi kujua. Yule kijana Mzungu mwenye mkoba mgongoni huenda yuko muhula wa nne wa Kiswahili, na ngeli zake ni safi kuliko zako.

Tuseme pia habari ya watu wawili tu ndani ya lifti. Wapo wanawake, Waislamu na wasio Waislamu, wasiopenda kupanda peke yao na mwanamume wasiyemjua. Mwanamke akisita mlangoni, adabu ni kusema "tangulia, dada" na kusubiri lifti inayofuata, bila kununa wala kuuliza sababu. Na vijana wetu wa kiume, hasa Weusi, wanapaswa kujua kwamba chumba hiki kidogo kina historia katika nchi hii. Mei 30, 1921, mjini Tulsa, Oklahoma, kijana Mweusi aliyekuwa mng'arisha viatu, Dick Rowland, aliingia katika lifti iliyoendeshwa na msichana Mzungu, Sarah Page. Tukio la muda mfupi likageuzwa tuhuma. Kufikia Juni 1 mtaa wa Weusi wa Greenwood ulikuwa umechomwa moto na watu wengi wameuawa. Rowland mwenyewe baadaye alifutiwa mashtaka. Tunataja haya ili mgeni aelewe kwamba kumpa mtu nafasi na kuonyesha mapema kwamba humtakii ubaya si woga. Ni kuwa mwangalifu kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Kutoka, kuingia, kupisha

Kanuni ya kwanza ni ileile ya daladala na matatu, ingawa huko haifuatwi sana: anayeshuka kwanza. Simama pembeni, si katikati ya mlango. Ukiwa ndani, mbele, na mtu wa nyuma anataka kutoka, toka nje hatua moja, shikilia mlango, apite, kisha rudi. Hakuna atakayekuchukulia nafasi yako.

Sikiliza kengele. Katika lifti nyingi za Marekani mlio mmoja unamaanisha lifti inapanda, na miwili inashuka. Nyingine husema kwa sauti. Mpango huo uliwekwa kwa ajili ya wasioona, lakini unamsaidia kila mtu aliyeinamia simu yake.

Jifunze kitufe cha kufungua mlango, chenye mishale miwili inayotazamana na pande za nje. Kanuni zinataka mlango ukae wazi angalau sekunde 3 lifti inaposimama kwenye ghorofa uliyoibonyeza. Kijana hupita kwa sekunde 1. Mzee mwenye mkongojo, au mama mwenye kigari cha mtoto na mfuko wa mchele, sekunde 3 hazimtoshi. Aliye karibu na vitufe ndiye mwenye kazi: abonyeze na kushikilia mpaka aingie. Hii ndiyo heshima rahisi kuliko zote, na hailipiwi.

Kushikilia mlango kuna mpaka wake. Tunamsubiri mtu tunayemwona akija. Hatumsubiri rafiki ambaye bado anatafuta viatu nyumbani huku watu sita wamesimama ndani. Vivyo hivyo siku za kuhama. Mwezi Agosti, mabweni marefu kama Lincoln Tower na Morrill Tower ya Ohio State, yenye ghorofa 24 kila moja, hujaa makochi, mafriji madogo na wazazi. Mwenye mizigo anapata lifti, lakini aliyebeba begi moja tu na anayekwenda ghorofa ya tatu awaachie. Na sufuria ya pilau ya sherehe ifunikwe vizuri. Harufu yake tunaipenda sisi, lakini itabaki ndani ya lifti baada yetu, na jirani anaweza kuwa amefunga.

Kwenye ngazi nako kuna desturi. Marekani watu hupita kulia, kama magari yao. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambako magari hupita kushoto, miguu yao huwapeleka kushoto bila kufikiri, na hapo ndipo watu hugongana mabega. Mkongomani, ambaye kwao magari hupita kulia, hana shida hiyo. Anayeshuka haraka amwachie chuma cha kushikia yule anayepanda polepole. Aliyekishika anakihitaji.

Anayechagua na asiyechagua

Faida ya ngazi inajulikana tangu zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi mamia ya vidato kwa siku wakikata tiketi. Makondakta walipata magonjwa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Kwa hiyo kondakta wa basi ni shahidi mzuri wa ngazi.

Sisi wenye miguu mizima basi tunashauriana hivi: ghorofa moja au mbili, panda ngazi, hasa asubuhi watu wanapojaa mbele ya lifti. Unajipa mazoezi na unamwachia nafasi mwingine. Lakini ushauri huo ni wa kujipa mwenyewe. Usimpe mwenzako usiyemjua hali yake. Kwetu utani ni mwepesi: "Kijana mzima wewe, unapanda lifti mpaka ghorofa ya pili?" Wote wanacheka. Huenda yeye ana selimundu na usiku uliopita hakulala kwa maumivu. Huenda ana pumu, au moyo, au goti lililofanyiwa upasuaji, au ana mimba changa ambayo hajamwambia mtu. Ugonjwa mwingi hauna mkongojo. Utani wa namna hii humfanya mtu apande ngazi ili asionekane mvivu, na kuumia.

Lifti zilizo katika vyuo vyetu hazikuja kwa huruma ya wajenzi peke yake. Machi 12, 1990, watu wenye ulemavu waliacha viti vyao vya magurudumu na mikongojo chini ya Bunge la Marekani mjini Washington, wakapanda ngazi zake kwa mikono, kwa magoti na kwa makalio. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan. Julai 26 mwaka huohuo Rais George H. W. Bush alitia saini sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Anayebonyeza kitufe leo, chenye alama za kusomwa kwa vidole, anatumia matokeo ya siku ile.

Miji yetu inatupa mifano miwili ya kutafakari. Buffalo City Hall, jengo la ghorofa 32 lililomalizika mwaka 1931, lina sehemu ya juu ambako mgeni huona Ziwa Erie na upande wa Kanada. Lifti inafika ghorofa ya 25. Kutoka hapo mpaka ya 28 ni ngazi. Ukienda na kundi lenye mtu asiyeweza kupanda, kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani nani atabaki naye, na mbadilishane. Kumwambia "tusubiri hapa, tunarudi sasa hivi" mbele ya ngazi ni kumwacha peke yake wakati amekuja kutembea nanyi.

Louisville kuna mfano wa pili, Big Four Bridge. Lilikuwa daraja la reli juu ya Mto Ohio, na tangu mwaka 2013 watu hulipanda kwa miguu. Upande wa Louisville hakuna haja ya kuchagua kati ya lifti na ngazi: kuna njia pana ya mteremko inayozunguka kama konokono hadi juu. Mwenye kiti cha magurudumu, mwenye baiskeli, mama na kigari, wazee wawili wanaozungumza, wote wanapita palepale. Hakuna anayepisha kwa sababu hakuna anayezuiwa. Adabu ya lifti ina kazi kubwa zaidi pale wajenzi hawakuwawazia watu wote.

Pale lifti isipokuwapo

Familia nyingi tunazozijua haziishi katika minara. Zinaishi katika majengo ya ghorofa mbili au tatu, yenye ngazi za nje na bila lifti kabisa. Kwa vijana si neno. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, ghorofa ya tatu ya Kimarekani ni kifungo. Wakati wa baridi, vidato vikiwa na barafu, hatoki. Kwanza anakosa darasa la Kiingereza, kisha kanisa au msikiti, kisha duka. Ukimuuliza atasema "nimezoea", kwa sababu hataki kuwasumbua watoto wake waliochoka na kazi.

Hapa adabu peke yake haitoshi, inabidi kujua haki. Sheria ya Marekani ya usawa katika makazi, iliyopanuliwa mwaka 1988, inakataza kumbagua mpangaji kwa sababu ya ulemavu. Majengo yenye nyumba nne au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya Machi 13, 1991 yana masharti: jengo likiwa na lifti, nyumba zake zote zifikike na mtu mwenye ulemavu, likikosa lifti, zile za chini zifikike. Jengo la zamani zaidi halibanwi na masharti hayo ya ujenzi, lakini kwa kawaida mpangaji bado anaweza kuomba abadilishiwe utaratibu kwa sababu ya hali yake, kwa mfano kuhamishiwa nyumba ya chini itakapokuwa wazi. Ombi linaweza kutolewa kwa mdomo, lakini barua yenye tarehe, ukabaki na nakala, ni bora. Mahitaji yasipoonekana kwa macho, mwenye nyumba anaweza kutaka uthibitisho, kama barua ya daktari. Barua hiyo inaweza kusema kwamba mtu hawezi kupanda ngazi bila kutaja ugonjwa wake.

Kazi hii inatufaa sisi wanafunzi wa lugha. Wazee wengi hawajui kwamba kuomba si kujipendekeza. Tunaweza kukaa naye, kumsikiliza kwa Kiswahili chake, kuandika barua fupi ya Kiingereza, na kumsomea tena kwa Kiswahili kabla hajaweka saini. Mtoto wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa magonjwa ya bibi yake.

Jengo lenye lifti nalo lina siku mbovu. Lifti ikiharibika, andika tarehe iliyosimama, na mwarifu msimamizi wa jengo kwa maandishi, ukitaja kwamba kuna wakaazi wasioweza ngazi. Asipojibu, miji yote mitatu ina namba 311 ya kupeleka malalamiko kwa serikali ya mji. Huku mkingoja, pigeni hodi kwa waliokwama juu. Waulizeni wanahitaji nini dukani, mpandishe maji na mifuko. Hilo tulilijua hata kabla ya kuja Marekani.

Kuhusu moto, kanuni haina mjadala: kengele ya moto ikilia, lifti haitumiki, kila mtu ashuke kwa ngazi. Ndiyo maana tunapaswa kujua mapema nani katika jengo letu hawezi kushuka. Ukipiga 911, taja namba ya mlango wake, na taja ghorofa kwa hesabu ya Kimarekani. Hapa ile tofauti ya ghorofa ya kwanza na ya pili si mzaha tena: zimamoto wakipelekwa ghorofa isiyo yake, dakika zinapotea. Na ukikwama ndani ya lifti, usilazimishe mlango. Bonyeza kitufe cha simu au kengele, sema uko wapi, kisha ongea na mliokwama nao. Hapo hata Wamarekani huanza kusalimiana.

Tuliyokubaliana

Katika mazungumzo yetu ya muhula huu hatukukubaliana juu ya kila kitu. Wenzetu wa Columbus wanaona salamu ya kila asubuhi kwa watu usiowajua ni nyingi mno. Wa Louisville wanaona ni lazima. Wa Buffalo wanasema baridi yao inamruhusu mtu yeyote kupanda lifti hata ghorofa moja, akiwa amevaa koti zito na mabuti yenye theluji.

Lakini haya tumekubaliana. Anayetoka atangulie. Aliye karibu na vitufe awatumikie wengine. Mwenye nguvu na haraka ndogo aende ngazini bila kujisifu. Anayepanda lifti asiulizwe kwa nini. Anayeingia aseme walau neno moja. Na kila mmoja wetu ajue jina la mtu mmoja katika jengo lake ambaye lifti ikizimika atabaki juu, ajue na mlango wake. Kama humjui bado, unaweza kuanza kesho asubuhi, kati ya ghorofa yako na mlango wenye nyota.